Nyumba ya Mapumziko ya Mtukufu Kundabwe

Kitendawili!

Itikeni basi: tega.

Nyumba yangu ni kubwa kuliko kilima, imejengwa miaka kumi na mmoja na watu elfu nne, na haina mlango wa kutokea.

Yai? Nilijua mtasema yai. Hapana. Yai lina mlango, ila ufunguo wake kifaranga anazaliwa nao mdomoni. Boga? Boga halijengwi. Nazi? Nazi ina macho matatu, na panya anajua lipi ndilo mlango. Mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa? Haya, mji nimeupokea, nimekaa, nimekula wali wake nikashiba. Lakini jibu sitoi mimi. Jibu analo Bi Sikudhani, mpika vitumbua, na wala hakulipata kwa kukaa barazani akifikiri. Alipelekwa mpaka ndani yake.

Bi Sikudhani alikuwa raia wa nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana wenyewe hawapendi kutajwa. Ilikuwa nchi nzuri sana. Barabara zake zilifagiliwa kila Mtukufu alipopita, na kwa kuwa alipita mara moja kwa mwaka, zilifagiliwa mara moja kwa mwaka. Lakini jambo lililoifanya nchi ile izipite nchi zote ni kwamba humo hakuna mtu aliyekufa. Si kwamba watu hawakwisha. Walikwisha kama kwingine kote, wazee kwa vijana. Ila kufa kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa sheria yenye mhuri.

Ilianza hivi. Mtukufu Kundabwe Asiyepungua alivikwa kilemba cha ufalme akiwa na miaka saba, siku ile ile baba yake alipoaga dunia. Wakubwa wa nchi walikaa faragha wakaulizana nani atakwenda kumwambia mtoto. Mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine mguu ulimvimba, wa tatu akakumbuka ana harusi. Mwisho wakamwambia baba amesafiri. Na ili asije akaambiwa vingine na mpita njia, wakatunga sheria kwamba maneno kufa, maiti, sanda, jeneza na kaburi yasitamkwe wala kuandikwa popote katika nchi. Mtu akiisha, ilisemwa amehama. Majirani walimsindikiza, wakarudi na majembe, wakanawa mikono, wakanywa kahawa, na kila mmoja akajifanya hajui walikuwa wanalima nini.

Mtoto alipouliza mbona baba haandiki barua, ilifunguliwa Ofisi ya Barua za Baba, makarani wanane na mkuu wao. Kila Ijumaa barua ilifika: "Mwanangu, huku niliko mvua ni nzuri. Kula ushibe. Wasikilize mawaziri wako." Wakati wa hadithi hii Mtukufu alikuwa ametimiza miaka sabini na mmoja, na Ijumaa bado alikaa kibarazani tangu asubuhi akimngoja tarishi.

Sasa, Waziri wa Mapumziko, Mheshimiwa Chambuso, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa ile Ofisi ya Barua, alikwenda Misri kujifunza. Alijifunza siku arobaini, akarudi amenenepa, na picha moja mkononi. Mtukufu akaishika picha, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Vilima gani hivi vyenye ncha?"

Mheshimiwa Chambuso alifungua mdomo. Sheria ilikuwa ukutani ndani ya fremu, na walinzi wawili chini yake.

"Ni piramidi, Mtukufu. Ni nyumba za wafalme wa kale wa Misri. Nyumba za... kupumzikia."

"Wanapumzika muda mrefu?"

"Tangu walipoingia, Mtukufu. Yapata miaka elfu nne na ushei."

"Na hakuna anayewasumbua?"

"Wezi kidogo."

"Wanakula nini?"

"Waliingia na vyao, Mtukufu. Ngano, asali, bata, viti, mashua. Kila walichokipenda. Na watumishi wao."

Mtukufu akashusha pumzi. Maisha yake yote alikuwa hajapata kupumzika, kwa maana kila alipolala kulikuwa na mtu wa kupiga tarumbeta kutangaza kwamba amelala. "Nijengeni na mimi," akasema.

Siku ya kuweka jiwe la msingi, nchi nzima ilikuwepo. Mkuu wa waashi, Fundi Shekue, mtu mwembamba mwenye vumbi la chokaa mpaka kwenye kope, alitandaza ramani mbele ya Mtukufu. Akamwonyesha njia ya kuingilia, chumba cha kwanza, cha pili, na kile cha ndani kabisa, pamoja na tundu jembamba la kupitisha nuru ya nyota, kama walivyofanya Wamisri. Mtukufu alifuata kwa kidole kutoka nje mpaka ndani. Kidole kilipofika mwisho, kikasimama.

"Na mlango wa kutokea," akauliza, "uko upande gani?"

Fundi Shekue akafungua mdomo. Mheshimiwa Chambuso akamkanyaga mguu kwa kiatu kipya cha Misri, huku akipiga makofi. Mawaziri wakapiga makofi. Watu elfu nne wakapiga makofi mpaka Mtukufu mwenyewe akaona haya, akapiga na yeye.

Kesho yake gazeti liliandika kwa herufi za kuziba ukurasa: MTUKUFU AULIZA. Wiki ya pili swali likatungiwa wimbo wa watoto wa shule. Mwezi wa tatu likaandikwa juu ya lango la kila ofisi, "Mlango wa Kutokea Uko Upande Gani?", na wageni walidhani ni msaada kwa waliopotea. Ikaundwa Tume ya Kulitafakari Swali. Ilikaa miaka kumi na mmoja, ikatoa taarifa ya awali yenye kurasa mia tisa ikimshukuru Mtukufu kwa kuuliza.

Bi Sikudhani wakati huo hakuwa na habari na tume wala ramani. Alikuwa na jiko la makaa, kikaango chenye mashimo saba, na wateja elfu nne wenye njaa. Waburuta mawe walikuwa wakimjia kabla jua halijakaza, mabega yamechubuka, wakila vitumbua vyake viwili viwili bila kutafuna. Unga wa mchele aliutwanga mwenyewe, tui la kwanza, iliki ya kusaga siku hiyo hiyo. Hakuwa na siri nyingine.

Mwaka wa kumi na mmoja Mtukufu alikuja kukagua. Harufu ya iliki ikamvuta nje ya mstari wa mawaziri. Akala kimoja. Akala vinne.

"Hivi," akasema, na midomo inang'aa mafuta, "navitaka siku zote."

Bi Sikudhani alipiga magoti, akarudi nyumbani mbio kama msichana. Hakumtazama karani aliyetembea hatua tatu nyuma ya Mtukufu akibeba daftari kubwa. Lile lilikuwa Daftari la Yampendezayo. Chochote alichokisifu Mtukufu kiliandikwa humo, na kila kilichoandikwa humo kingeingia naye katika Nyumba ya Mapumziko, kama Misri. Mlikuwamo kiti cha bluu, bao la mpingo, punda aliyewahi kulia vizuri siku ya Idi, na upepo mmoja wa Alhamisi alasiri ambao wataalamu walikuwa bado wanatafuta namna ya kuufunga. Sasa vikaingia na vitumbua.

Kamati ya Vifaa ikakaa. Ikaambiwa vitumbua vinachacha siku ya pili. Ikatafakari mpaka chakula cha mchana, ikaona hivi: kama kitumbua hakidumu, apelekwe mpikaji.

Barua ikafika nyumbani kwake na askari wawili na tarumbeta.

"Unaarifiwa kwa furaha kuu kwamba umeteuliwa kuwa Mpishi wa Kudumu wa Nyumba ya Mapumziko. Utaingia pamoja na Mtukufu. Njoo na kikaango chako. Hongera."

Majirani walipiga vigelegele. Waliokuwa wepesi wa kuelewa vikawakatikia njiani.

Jioni Fundi Shekue alikuja. Walikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, na vitumbua vyake alivila tangu hajaoa.

"Dada, usiende."

"Kwa nini, Shekue? Si kazi ya kudumu?"

"Mimi ndiye ninayeijenga ile nyumba. Nimekwambia usiende."

Dirishani palikuwa na vichwa viwili vya watu waliosema wanatafuta kuku wao. Fundi akachukua kitumbua kimoja sahanini, akakiweka mezani, akakifunika kwa kikombe, akakikandamiza kikombe kwa mikono yote miwili mpaka meza ikalia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, kitoe bila kuinua kikombe."

Bi Sikudhani akakitazama kikombe. Halafu akamtazama binti yake Zawena, aliyekuwa amekaa mkekani kanyoosha miguu, tumbo la miezi sita. Zawena alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ndiyo iliyoshika. Bi Sikudhani alikuwa na haja moja tu hapa duniani, wala haikuwa kubwa: ampokee huyo mtoto kwa mikono yake mwenyewe, amkande mwanawe kwa maji ya moto siku arobaini, ampikie uji wa pilipili manga. Baada ya hapo, alikuwa akisema, hata wakimwita wapi ataitika.

Siku ya pili asubuhi alikwenda Ofisi ya Kujitoa. Maana ilikuwepo. Nchi ile haikukosa ofisi. Dirisha namba sita alikaa karani mmoja, Bwana Nyangalio, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na pamba ya akiba mezani.

"Fomu hii hapa, mama yangu. Jina. Kijiji. Sababu ya kujitoa?"

"Sitaki kuzikwa."

Bwana Nyangalio alichopeka pamba masikioni haraka haraka, akatazama kulia na kushoto, kisha akachomoa moja. "Nani anazikwa, mama?"

"Mimi. Na Mtukufu."

Pamba ikarudi. Alipoichomoa tena alikuwa anatoka jasho. "Mama, nina watoto. Mtukufu anapumzika. Wewe unapumzika. Niandike nini?"

"Andika sitaki kupumzika."

Akaandika, akasoma, uso ukamng'aa. "Raia asiyetaka kupumzika! Mchapakazi! Mama, hii si sababu ya kutolewa, hii ni sifa. Naiongeza kwenye jalada lako."

"Mwanangu, nina binti mjamzito."

"Hongera!"

"Nataka niwepo."

"Utakuwepo, mama. Ndani."

Akamgongea mhuri. Ulisema: OMBI LIMEPOKELEWA KWA FURAHA.

Hata hivyo Bwana Nyangalio hakuwa mtu mbaya. Alimnong'oneza kwamba wagonjwa hawaruhusiwi kuingia, kwa kuwa Nyumba ya Mapumziko si hospitali. Bi Sikudhani akaenda kwa daktari wa Kamati. Alikwenda akichechemea, akakohoa getini, akakohoa mlangoni. Daktari akampima macho, akampima kifua, akamgonga magoti kwa kinyundo.

"Mama," akasema kwa furaha, "una moyo wa msichana. Unafaa kabisa. Utapumzika kuliko wote."

Kumbe waliokuwa na wajomba serikalini walikuwa wamewahi. Orodha ya watumishi ilianza na watu arobaini. Kinyozi wa Mtukufu akapatikana na cheti cha baridi yabisi. Mshika mwavuli akapata cheti cha kuogopa mvua. Mpiga zeze alipata cheti cha uziwi, na jioni hiyo hiyo akapiga harusini. Orodha ilipungua kama sabuni. Mwisho likabaki jina moja, la mtu mmoja aliyethibitishwa kisheria kwamba ni mzima wa afya.

Bi Sikudhani akajaribu la tatu. Alikuwa amesikia kwa waburuta mawe kwamba Misri, badala ya watumishi wenyewe, wafalme walikuja kuwekewa sanamu ndogo za udongo: huyu wa kulima, huyu wa kuchota maji, kila mmoja na jembe lake, wanangoja kuitwa. Akafinyanga mpishi wa udongo. Akamvika kanga ya kipande, akamtia mwiko mkononi, akamchora hata alama ya kuungua aliyokuwa nayo yeye kidoleni. Akampeleka kwa Kamati amemfunga kwenye kitambaa safi.

Wajumbe walimsifu. Wakampitisha mkono kwa mkono. Kisha wakasema serikali makini haiamini bila kujaribu. Sanamu ikawekwa mbele ya jiko, makaa yamewaka, unga umekorogwa, karani na saa pembeni. Ilikaa siku tatu. Taarifa ikaandikwa: "Mwombaji wa udongo hakupika. Hakugeuza. Alipoulizwa, hakujibu. Hafai. Mpishi wa awali aendelee."

"Tumekujaribia kwa haki," mwenyekiti alimwambia. "Huwezi kusema hatukukusikiliza."

Akarudi na mwanasesere wake chini ya kwapa. Njiani alijituliza kwa hesabu moja. Mtukufu alikuwa bado na nguvu. Anakula, anatembea, anamkemea tarishi. Huyu, alijisemea, ana miaka kumi mbele yake. Mtoto atazaliwa, atakaa, atatambaa, atasema bibi. Kila alipomaliza hesabu alianza upya, na kila mara ilitoka sawa.

Lakini piramidi ilikwisha. Ncha yake ilipakwa chokaa, ikawaka juani mpaka ndege walikuwa wanaikwepa. Mtukufu akaiona kutoka dirishani kwake, akasema neno ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo.

"Kesho nakwenda kuiona."

Sasa nitawaambia kuhusu Mwongozo. Mheshimiwa Chambuso alikuwa ameandika Mwongozo wa Siku ya Mapumziko, ukapigwa mhuri wa kifalme, na kuuvunja lilikuwa kosa la uhaini. Ulikuwa mfupi. Mtukufu afike. Walio kwenye orodha wafuate nyuma yake. Akishavuka kizingiti cha chumba cha ndani, filimbi ipigwe. Filimbi ikipigwa, vyungu vivunjwe. Watu washangilie siku tatu. Basi. Vyungu vilikuwa arobaini, vimejaa mchanga, na juu yake lilikalia jiwe la mwisho, la kuziba njia ya kuingilia, zito kuliko tembo mia. Vyungu vikivunjwa, mchanga unamwagika, na jiwe linashuka taratibu kama mtu mzima anavyokaa. Lakini Mtukufu afike akiwa katika hali gani? Hilo Mwongozo haukusema. Kulisema kulihitaji neno, na neno hilo halikuwepo katika nchi.

Asubuhi ile Zawena alishikwa na uchungu. Bi Sikudhani alikuwa amepaka mikono mafuta, kamba imefungwa darini ya kushikilia, maji yanachemka, mkunga amekwishafika. Tarumbeta ikalia mlangoni.

"Mpishi wa Kudumu! Mtukufu anakwenda kuiona nyumba. Walio kwenye orodha wafuate."

"Baba, mwanangu anazaa."

"Anakwenda kuiona tu."

"Kuiona tu?"

"Kuiona tu, mama."

"Nitarudi saa ngapi?"

Askari akafungua Mwongozo, akausoma wote, akageuza nyuma ya ukurasa. "Hausemi," akajibu.

Zawena alimshika upindo wa kanga. "Mama, usiniache."

"Naenda kuwaonyesha vitumbua, narudi. Sukuma ukiambiwa sukuma. Usisukume kabla." Na akamvua vidole kwenye kanga kimoja kimoja, maana askari alikuwa amekwishabeba kikaango.

Mbele ya piramidi nchi nzima ilikuwepo tena. Mheshimiwa Chambuso alisimama mlangoni, uso umekuwa rangi ya jivu.

"Mtukufu, rangi haijakauka."

"Sitashika ukuta."

"Mtukufu, ndani mna popo."

"Wameingilia mlango gani, na wanatokea wapi?"

"Mtukufu, labda... labda kesho?"

"Kwa nini isiwe leo, Chambuso?"

Watu elfu nne walimtazama. Neno moja tu lingetosha, nalo alilijua, lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Akalimeza pamoja na mate. Akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Karibu nyumbani, Mtukufu."

Fundi Shekue alimvuta joho. "Mheshimiwa, filimbi isipigwe leo. Anatembea!"

"Mwongozo unasema akivuka."

"Lakini anatembea kwa miguu yake!"

"Lini ulimwona Mtukufu hatembei? Hicho unachotaka kusema, Fundi, kiandike, utie sahihi, tutakiangalia."

Fundi Shekue akaiweka nyundo yake chini, akakaa juu yake. Lakini kwenye kila chungu walisimama watu watatu: wa kuvunja, wa kumwangalia wa kuvunja, na wa kumwangalia anayemwangalia.

Vitu vikaingizwa. Kiti cha bluu, bao la mpingo, chupa iliyofungwa kwa nta ikisemekana ina Alhamisi ndani. Punda akagoma. Walimvuta kwa mbele, wakamsukuma kwa nyuma, wakamsomea barua yake ya uteuzi mara mbili. Akatanua miguu minne, akabaki nje. Katika nchi yote ile ni punda peke yake aliyekataa amri, na kwa kuwa hakuna fungu la sheria lililomhusu, walimwacha.

Bi Sikudhani aliingia na jiko, na sufuria ya unga aliyoukoroga alfajiri. Njia ilikuwa nyembamba, mawe yanabana mabega. Mbele yake Mtukufu alitembea akishika taa, akisema, "Pazuri. Pametulia. Sisikii tarumbeta." Wakapita chumba cha kwanza, wakapita cha pili. Kwenye kizingiti cha tatu Bi Sikudhani alisimama.

"Njoo," Mtukufu akamwambia. "Usiogope. Nyumba yangu."

Akavuka, na askari aliyekuwa nyuma akamsukuma na yeye akavuka, kisha askari akageuka akakimbia.

Filimbi.

Kulisikika vyungu vikipasuka, kimoja, viwili, vingi. Kisha sauti ya kitu kinachomwagika.

"Mvua?" akauliza Mtukufu.

"Mchanga, Mtukufu."

Jiwe likakaa. Halikupiga kishindo. Lilikaa tu.

Mtukufu akapiga makofi mawili, kama alivyozoea, ili mtu afungue. Akangoja. Akapiga tena. Kupitia tundu la nyota, pana kama mkono wa mtoto, yakaja makelele ya nje: ngoma, na vigelegele. Bi Sikudhani akapanda juu ya kiti cha bluu, kiti cha mfalme, na miguu yake ya vumbi, akaweka sikio kwenye tundu. Vigelegele vya watu elfu vilikuwa vimechanganyikana. Alikuwa anatafuta kimoja tu, cha mkunga, chenye kukatika mwishoni. Alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Kila alipodhani amekipata, kilifunikwa na vingine.

Akashuka.

"Nina njaa," Mtukufu akasema. "Nipikie."

Unga ulikuwa umeumuka kuliko siku zote, umefura mpaka unamwagikia ukingo wa sufuria. Bi Sikudhani alilitazama jiko, akatazama tundu.

"Nikiwasha makaa humu hewa itakwisha, Mtukufu."

"Hewa inakwisha?"

"Inakwisha."

"Na taa?"

"Nayo."

Mtukufu akakaa juu ya bao la mpingo. Alikuwa mzee, magoti yake yalilia. Kwa muda alichezea kete moja kati ya vidole.

"Mpishi, na baba yangu alipewa nyumba?"

"Alipewa, Mtukufu. Ndogo. Kila mtu hupewa."

"Nilijua," akasema taratibu. "Barua zake zina mwandiko wa Chambuso. Anakosea herufi zile zile. Nilitaka kumuuliza, nikaona atapata aibu." Akakohoa. Taa ilikuwa imeanza kunywea. "Mimi nimeuliza swali moja tu maisha yangu yote. Wakalipigia makofi. Wakaliimba. Wakaliandika juu ya milango. Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Wewe ulikuwa unapika pale nje, uliwaona wakijenga. Mlango wa kutokea uko upande gani?"

Bi Sikudhani alijifuta mikono kwenye kanga. Bado ilikuwa na mafuta ya uzazi. Akaketi karibu naye, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa miaka saba siku nyumba imejaa watu na hakuna anayemweleza kitu.

"Haupo, mwanangu," akasema. "Hili ni kaburi."